Safari ya Unguja na Kiti cha Magurudumu

Kwetu Masieda mtu akisema "ng'ambo", mara nyingi maana yake ni ng'ambo ya bonde la Yaeda. Ng'ambo ya bahari ni jambo la redioni na la kitabu cha Jiografia. Hata hivyo mwaka huu Chama cha Historia cha shule yetu kimeazimia kwenda Unguja katika likizo ya Juni, na wanafunzi 41 wa kidato cha nne wamekwisha kuandikishwa. Mimi sikuandikishwa. Baba alirudishiwa mchango wake pamoja na barua fupi iliyosema kwamba yafaa nibaki "kwa usalama wangu".

Wasomaji wengi wa gazeti hili wananijua, maana husikika kabla sijaonekana: gurudumu langu la kushoto lina mlio. Natumia kiti cha magurudumu, ambacho siku hizi huitwa kiti mwendo, tangu nilipoanguka kutoka katika mkokoteni wa punda nikiwa na umri wa miaka 9. Siandiki haya nipate kuhurumiwa. Huruma ninayo ya kutosha, na siku ikipungua nitaiomba. Naandika kwa sababu naona kwamba barua ile, ingawa iliandikwa kwa nia njema, ilijibu swali lisilofaa. Waliuliza, "Je, huyu ataweza?" Hawakuuliza, "Ngazi ni ngapi?"

Swali la kwanza halina jibu. Katika wale 41 wamo watakaotapika baharini tangu bandarini hadi bandarini, wala hakuna aliyewapima kabla ya kuwaandika. Lakini swali la pili lina jibu, nalo hupatikana kwa futi kamba na simu ya mwalimu.

Basi nilianza kupima. Nilianzia hapa shuleni ili nijizoeze. Kiti changu kina upana wa sentimeta 64. Mlango wa choo cha bweni letu una sentimeta 58. (Ninavyoingia ni siri yangu na ya mwenzangu wa kitanda cha jirani.) Ngazi mbili za bwalo kwa jumla zina kimo cha sentimeta 34. Kanuni ya mafundi wa majengo ni kwamba kila sentimeta 1 ya kimo hutaka sentimeta 12 za mteremko, kwa hiyo mteremko wa bwalo ungekuwa na urefu wa meta 4 na sentimeta 8. Hiyo ni hesabu ya kidato cha kwanza. Mteremko haupo, na wenzangu huninyanyua mara tatu kwa siku. Nawashukuru sana. Nao wamejifunza jambo ambalo wageni hawalijui, yaani kiti hushikwa kwenye fremu, hakishikwi kwenye mikono yake, kwa kuwa mikono ile huchomoka, na mimi nikabaki chini nao wakabaki na mikono.

Nilipomaliza shule niliipima safari yenyewe, nikagundua kwamba bahari ndiyo sehemu iliyo rahisi. Ugumu uko nchi kavu, tena karibu na nyumbani. Mwaka juzi nilipokuwa nikirudi shuleni, kiti changu kilifungwa kwenye keria ya basi, na juu yake wakapanga magunia ya vitunguu saumu. Tulipofika, gurudumu moja lilikuwa limepinda kama sahani iliyokaliwa. Nilipomwonyesha utingo, alijibu bila ubaya wowote, "Mdogo wangu, mzigo ni mzigo." Kwa muda wa wiki mbili nilisoma nikiwa kitandani, mpaka fundi baiskeli alipolinyosha.

Nilidhani neno lile ni la mabasi ya kwetu tu. Kumbe hata wanaoruka angani wanalijua. Katika safari za ndege baina ya mataifa, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania nayo imo, umeweka kikomo cha fidia ya mzigo ulioharibika, na kiti cha magurudumu huhesabiwa katika mizigo hiyo pamoja na mabegi ya nguo. Kiti cha umeme chaweza kuwa na bei iliyopita kikomo hicho mara nyingi. Msafiri mwerevu hutangaza thamani ya kiti chake kabla ya kupanda, hata ikiwa atatozwa zaidi, na hukipiga picha kila upande. Huko Ulaya iko sheria ya mwaka 2006 inayoviamuru viwanja na mashirika ya ndege kumsaidia msafiri wa namna yangu bila malipo, mradi atoe habari saa 48 kabla. Saa 48! Mimi nimetoa habari wiki saba kabla.

Kwa hiyo shauri langu la kwanza ni hili. Kutoka Mbulu hadi Babati, na kutoka Babati hadi Dodoma, barabara ya lami ya kilometa 251, kiti kikae ndani ya basi, kimekunjwa nyuma ya siti ya mwisho. Kikikunjwa kina unene wa sentimeta 31. Nimepima. Dodoma tulale usiku mmoja, kisha tupande treni ya umeme iliyoanza kwenda Dar es Salaam mwaka 2024, ambayo stesheni zake zina lifti. Katika mpango wa sasa imeandikwa basi moja tu usiku na mchana mpaka Dar es Salaam, na nadhani hata wenye miguu mizima watashukuru kuubadili. Mtu asiyehisi sehemu ya mwili anayoikalia akikaa saa kumi na tano bila kujiinua hupata vidonda, na vidonda hivyo huchukua miezi kupona. Mimi hujiinua kwa mikono kila nusu saa. Ndani ya basi lililojaa, jirani hudhani nataka kushuka.

Sasa nitasema jambo ambalo watu huona haya kulisema, na Mhariri akitaka alifute. Ni choo. Siku ya safari sinywi maji tangu jioni iliyotangulia. Sifanyi hivyo peke yangu. Kila mtu wa kiti niliyepata kuzungumza naye hufanya vivyo hivyo. Bibi Anne Wafula Strike, aliyezaliwa Kenya, akapooza kwa polio utotoni, akashindana mbio za viti katika Michezo ya Walemavu ya Athens mwaka 2004 kwa bendera ya Kenya, alisafiri kwa treni huko Uingereza mwaka 2016. Choo chenye nafasi ya kiti kilikuwa kibovu. Alijikojolea, na baadaye alilisema hadharani kwa jina lake mwenyewe, mbele ya nchi nzima, ili litengenezwe. Nilipolisoma nililia kidogo, kisha nikachukua futi kamba yangu tena. Kama hayo yampata bingwa katika nchi yenye reli tangu karne ya 19, basi mwanafunzi wa Masieda hana sababu ya kuona aibu anapouliza mapema, "Choo kiko wapi, na mlango wake ni sentimeta ngapi?" Naomba swali hilo liulizwe katika kila kituo kabla hatujaondoka. Jibu likiwa "hakuna", si neno. Nitajua siku ipi ninywe na siku ipi nisinywe. Kinachoniumiza ni kulipata jibu mlangoni.

Nimefika baharini. Sijapata kuiona bahari, lakini ratiba yake naijua. Siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu huwa ni bamvua, na maji katika pwani yetu hupanda na kushuka karibu meta 4. Mwezi unapokuwa nusu huwa ni maji mafu, nayo tofauti ni ndogo zaidi. Mwalimu wetu wa Jiografia alipokuwa akitufundisha haya, nilijiuliza yanamfaa nani huku kwetu milimani. Yananifaa mimi. Boti inapokuwa chini sana au juu sana kuliko gati, ubao wa kupandia husimama kama paa la nyumba, na kunishusha hapo kwataka watu wanne wenye nguvu. Siku ya maji mafu watu wawili huenda wakatosha. Katika Juni mwezi utakuwa nusu mara mbili, na moja ya siku hizo imo ndani ya juma la safari. Tena Juni ni wakati wa kusi, bahari huchafuka, kwa hiyo yafaa kuvuka asubuhi. Kubadili siku hakugharimu hata senti.

Katika Mji Mkongwe vichochoro ni vyembamba mno kwa gari, lakini si kwa sentimeta 64. Taabu iko katika vizingiti vya milango mikubwa ile na ngazi za mawe. Bustani ya Forodhani ni tambarare kando ya bahari. Ufukweni, mchanga mkavu huyameza magurudumu, ila maji yakiisha kupwa, mchanga uliolowana na kukazana hubeba kiti. Katika orodha ya safari iko pia Changuu, ambako mtu huteremka ndani ya maji kutoka kwenye mashua. Hiyo nimeifuta mimi mwenyewe. Nitawangoja Forodhani. Naona ni haki yangu kufuta, maadamu ninajua ninachokifuta.

Mkunazini ndipo ninapotaka kufika kuliko pote. Hapo palikuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873, na kanisa kuu la Anglikana likajengwa mahali pale pale. Viko vyumba vya chini, vyenye dari fupi, ambavyo wageni huonyeshwa kwa kushuka ngazi. Sitashuka, na sitaki kubebwa hata nikiombwa. Lakini uani kuna sanamu za watumwa waliosimama ndani ya shimo, shingo zao katika minyororo. Zilichongwa na Clara Sörnäs, mwanamke wa Sweden, mwaka 1998. Kwa kuwa shimo liko chini ya usawa wa ardhi, kila mgeni huinamisha kichwa kuwatazama. Mimi nitakuwa nimekaa, nitawaona kwa karibu kidogo kuliko wenzangu. Tumesoma habari hiyo tangu kidato cha pili, na mtihani wa taifa utaniuliza kama utakavyowauliza wao.

Najua yatakayosemwa. Mama alisema, "Mwanangu, nani atakubeba huko kusiko na ndugu?" Nilimtajia majina sita, akanyamaza, kisha akauliza kama hao sita wanakula vizuri. Wengine husema mtu mmoja asiwachelewesha watu 41. Hili lina ukweli, sitalikana: nitawachelewesha. Nimekadiria, nikaona ni kama dakika 20 kila tunapopanda na kushuka. Mpango wa sasa umetenga saa tatu za kununua zawadi. Gharama nazo si kubwa kama watu wanavyodhani. Mipira miwili ya ndani, solusheni na pampu, maana mibigili haitambui likizo, ni shilingi 18,000, na baba amekwisha kunipa. Chumba cha ghorofa ya chini hakizidi bei ya kile cha juu.

Zaidi ya hayo, sisi huku Kaskazini tumezoea kuona wageni wakija kutoka ng'ambo kwa mapumziko. Wamo wenye viti. Mwaka 2009 Mmarekani Chris Waddell, aliyepooza kuanzia kiunoni, alipanda Kilimanjaro, meta 5,895, kwa chombo cha magurudumu manne alichokiendesha kwa mikono. Karibu na kilele palikuwa na mawe makubwa, akabebwa kidogo, kisha akaendelea. Waongozaji na wapagazi wake walikuwa Watanzania. Walikaa wakaipanga njia, nani ashike wapi, jiwe lipi lizungukwe. Sijapata kusikia kwamba walimwandikia barua abaki kwao. Kama twaweza kumpangia mgeni njia ya kilele cha Afrika, sioni kwa nini tushindwe kumpangia mtu wetu njia ya boti ya saa mbili.

Iko Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, ambayo yataka majengo na huduma za umma zifikiwe na watu wote. Mkuu wa shule anaijua kuliko mimi, wala sitaki kumnyooshea sheria mtu aliyenipa nafasi ya kusema. Amekubali kwamba karatasi yangu ya vipimo isomwe katika kikao cha kamati ya safari, Ijumaa ya wiki ijayo. Ina kurasa tatu. Katika ukurasa wa mwisho nimeacha nafasi tupu tano, za milango ambayo bado hatujaipima: mlango wa behewa, wa boti, wa nyumba ya kulala, na wa vyoo viwili. Mzazi yeyote mwenye ndugu Dar es Salaam au Unguja awezaye kufika hapo na futi kamba, namwomba sana atuletee hesabu kwa simu ya ofisi kabla ya Alhamisi.

Fundi seremala wa shule ameahidi mbao mbili za meta 2, za kuvukia vizingiti. Amesema mbao anazo, isipokuwa bawaba za kuzikunja hana, na kwamba huenda zikapatikana Mbulu mjini siku ya mnada.