Jezi Namba Kumi na Sanduku la Mwekahazina

Hakuna jambo ambalo watu wa upande wetu wa Nyanza ya Kusini waweza kubishana juu yake kwa muda mrefu kuliko swali hili: ni nani apewe jezi namba kumi? Mtu aweza kukaa miezi mitatu pasipo kuuliza bei ya mbolea, na mwingine akaisahau hata siku ya mnada. Lakini timu ikifungwa mara mbili mfululizo, basi kutoka Migori mpaka Rongo, na kutoka Rongo mpaka Homa Bay, kila kinyozi, kila mwendesha pikipiki na kila karani huwa kocha. Mmoja husema mgawaji wa mpira amezeeka, heri kijana. Wa pili husema kijana hana kifua, arudishwe yule mzee. Wa tatu hawataki wote wawili. Yeye ataka kipa abadilishwe, ijapokuwa habari za kipa hazikutajwa na mtu yeyote.

Sina nia ya kuwadharau wabishanao hivyo. Kubishana ni haki ya shabiki, tena ni nusu ya utamu wa mpira. Walakini nimeyasikiliza mabishano haya kwa miaka mingi, nikaona ya kuwa yana upungufu mmoja: huanza uwanjani na kuishia uwanjani, hali jambo liiuayo timu mara nyingi haliko uwanjani hata kidogo. Ushahidi wangu uko karibu. Uko Awendo.

SoNy Sugar ilikuwa mtoto wa kiwanda cha sukari, kile kilichoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2006 timu hiyo ilitwaa ubingwa wa Kenya. Mji ambao mgeni aweza kuuvuka kwa gari kabla hajamaliza kutafuna muwa mmoja uliviacha nyuma vilabu vikubwa vya Nairobi, na kombe likaja kukaa kati ya mashamba ya miwa. Waliokuwa vijana wakati ule mpaka leo husimulia, na kila mmoja anasimulia habari ya mchezaji wake, akikuapia ya kwamba bila huyo kombe lisingalikuja.

Basi tuje mwaka 2019. Agosti ya mwaka huo kampuni ya kamari ya SportPesa, iliyokuwa mdhamini wa Ligi Kuu, iliuondoa udhamini wake, na vilabu vingi vikabaki kama mtu aliyevuliwa koti kwenye mvua. Viwanda vya sukari vya serikali navyo vilikuwa katika dhiki ya fedha kwa miaka kadhaa, kama wakulima wa miwa wanavyojua vizuri kuliko mimi. Mpira haukwepi hesabu. Timu ikitoka Awendo kwenda kucheza na Bandari kule Mombasa, ni safari ya kilomita zaidi ya 800 kwenda tu. Wachezaji kumi na wanane, kocha na wasaidizi wake, dereva na daktari: wote hawa wahitaji mafuta ya gari, vitanda vya kulala na chakula, kabla mpira haujapigwa hata mara moja. Fedha hizo zisipokuwapo, basi halitoki nje ya lango la kiwanda.

Ndivyo ilivyotokea. Timu ilikosa kufika uwanjani mara tatu. Kanuni ya ligi ilikuwa wazi, na kabla ya mwaka 2019 kwisha SoNy Sugar ikaondolewa katika Ligi Kuu, matokeo yake yote yakafutwa, na ligi ikaendelea na timu 17 badala ya 18. Chemelil Sugar nao wakashuka msimu ule ule.

Nawaomba wasomaji walitazame jambo hili kwa makini. Mabingwa wa 2006 hawakuondolewa kwa mabao. Hawakuondolewa kwa sababu kijana alichezeshwa mahali pa mzee, wala mzee mahali pa kijana. Siku zile tatu, kijana na mzee wote wawili hawakugusa mpira. Mabishano yote ya vinyozi juu ya nani agawe mpira yalikuwa mabishano juu ya timu ambayo haikuwa na nauli.

Wakulima watanielewa upesi. Mtu hufunga ng'ombe wanne kwenye plau. Mfereji ukienda kombo, kila apitaye njiani humpigia kelele ng'ombe wa mbele, kwa kuwa ndiye anayeonekana. Hakuna aulizaye kama wale wawili wa nyuma walikunywa maji jana, au kama nira imepasuka. Ng'ombe wa mbele hubadilishwa, na mfereji huendelea kwenda kombo.

Msomaji asidhani ugonjwa huu ni wetu peke yetu. Kule Marekani wana namna yao ya mpira, ambao huchezwa kwa mikono zaidi kuliko kwa miguu, na katika timu kuna mtu mmoja aitwaye kwotabeki. Neno beki limo katika jina lake, ila si mlinzi hata kidogo. Yeye ndiye hupokea mpira kwanza na kuamua aupeleke kwa nani. Ni namba kumi wao. Mjini Cleveland, katika jimbo la Ohio, timu yao iitwayo Browns ilikuwa na kwotabeki Bernie Kosar, mzaliwa wa jimbo lile lile, naye alipendwa kama mtoto wa kila nyumba. Novemba 1993 kocha Bill Belichick alimwondoa, akisema nguvu zake zimepungua. Mji mzima ulikasirika. Watu waligawanyika, huyu na Kosar, huyu na kocha. Wakabishana mpaka Novemba 1995, ambapo mwenye timu, Art Modell, alitangaza ya kuwa anaihamishia timu yenyewe mji wa Baltimore, kwa ajili ya mambo ya fedha na uwanja. Mwaka 1996 ikahama kweli. Watu wa Cleveland wakabaki miaka mitatu bila timu, wala kwotabeki wa kumtetea au kumlaumu.

Walipopewa timu nyingine kwa jina lile lile mwaka 1999, msomaji angetazamia wamejifunza. Hasha! Tangu mwaka huo wamejaribu makwotabeki zaidi ya 30, na mwaka 2017 walishindwa michezo yote 16 ya msimu. Nadhani kama Cleveland ingekuwa karibu na Rongo, vinyozi wetu wangekwenda huko kuchukua masomo.

Sasa turudi nyumbani, kwa Gor Mahia, ambao watu wa Homa Bay huwadai kuwa ni wao hata kama klabu yenyewe iko Nairobi. Wana sababu. Jina la timu ni la yule mganga mashuhuri wa Kanyamwa, upande wa Ndhiwa, na mtu wa Ndhiwa hawezi kuambiwa ya kwamba K'Ogalo ni timu ya mji mwingine.

Hapa lazima niwe wa haki, kwa maana kuna ambao watanijibu ya kuwa mchezaji mmoja aweza kuwa ndiye timu. Watataja 1987, Gor walipotwaa Kombe la Washindi la Afrika mbele ya Espérance ya Tunis, sare ya 2-2 kule kwao na 1-1 Nairobi, wakashinda kwa mabao ya ugenini. Nao watalitaja jina la Peter Dawo kabla hata sijamaliza sentensi. Watataja pia mwaka 2015, Gor walipomaliza ligi bila kushindwa hata mchezo mmoja, na Michael Olunga akafunga mabao 19. Kijana akaenda Sweden, na mwaka 2016 kombe likaenda Tusker. Sikatai. Mtu wa namna hiyo akiondoka pengo huonekana, na kocha asiyejua kuchagua huharibu timu hata iwe na fedha kama maji ya ziwa.

Lakini tazama yaliyofuata. Mwaka 2018 Meddie Kagere alikwenda Simba ya Dar es Salaam. Nakumbuka vilio. Watu wazima walizungumza kana kwamba kumetokea msiba. Gor wakatwaa ubingwa mwaka huo huo. Mwaka 2019 wakaondoka Jacques Tuyisenge, aliyekwenda Angola, na Francis Kahata, mgawaji wa mpira mwenyewe, ambaye naye alikwenda Simba. Vilio vikarudi, na ubingwa wa 2020 nao ukaja, ijapokuwa ligi ilikatizwa na ugonjwa wa korona. Timu iliweza kumpoteza namba kumi wake na kusimama. Kitu ambacho haikuweza kusimama bila ya hicho kilikuwa mshahara.

Maana baada ya hapo mambo yaligeuka. Wachezaji na makocha waliotoka wakidai haki zao walipeleka madai mbele, na FIFA ikaizuia klabu kusajili wachezaji wapya mpaka ilipe. Mashabiki wakawa wakipanga kikosi kila jioni, huyu asajiliwe, yule aachwe, wakati klabu haikuwa na ruhusa ya kumsajili hata mmoja. Ninaliona jambo hili kuwa la kuchekesha na la kusikitisha pamoja. Mwaka 2023 Gor wakatwaa ubingwa tena kwa jasho kubwa, nao wakanyimwa nafasi ya kwenda kucheza Afrika kwa sababu ya madeni yale yale. Bingwa akakaa nyumbani. Orodha ya wachezaji ilikuwa imekwisha kuandikwa, si na kocha juu ya ubao, bali na madeni.

Sisi makarani tuna desturi ambayo watu huicheka: hatuamini jambo mpaka tuone karatasi yake. Lakini katika habari hii desturi hiyo ina faida. Mwanachama wa klabu akihudhuria mkutano wa mwaka, yafaa aulize kwanza maswali makavu. Mapato ya langoni yalikuwa kiasi gani, na yalihesabiwa na nani? Wachezaji walilipwa mara ya mwisho mwezi gani? Mchezaji akiuzwa, fedha zake zilikwenda kufanya nini? Siulizi kwa nini ameuzwa, kwa maana kijana ana haki ya kutafuta riziki yake mahali anapolipwa vizuri. Naambiwa maswali haya yanaudhi. Huenda. Ila ni nadra kusikia mkutano wa mashabiki ukivunjika kwa ajili ya daftari la hesabu, na mara nyingi tumesikia ukivunjika kwa ajili ya beki wa kushoto.

Na kuna upande ambao ni aibu kidogo kuusema. Yule anayepiga kelele kuliko wote kwamba namba kumi auzwe, mara nyingine ndiye aliyepanda ukuta wa uwanja kipindi cha kwanza, au aliyengoja milango ifunguliwe dakika za mwisho aingie bure. Mtu huyo ameona mchezo, ametoa hukumu, amemtukana mchezaji na kocha na mama wa refa, na hakuacha hata senti moja langoni. Halafu Jumatatu ashangaa kusikia ya kwamba timu imegoma mazoezi. Sidhani ya kuwa viingilio peke yake vyaweza kulisha timu ya Ligi Kuu. Lakini mdhamini ajapo kuitazama timu, hutazama pia ni watu wangapi wanaoilipia.

Watu wa Awendo wamelijua jambo hili kwa gharama kubwa. Msimu wa 2024/25 Mara Sugar, timu ya upande wa Transmara, iliingia Ligi Kuu na kuutumia uwanja wa Awendo, hata mji ukapata tena mahali pa kwenda siku ya mchezo. Mwaka 2025 serikali ilikikodisha kiwanda cha SoNy kwa kampuni ya Busia Sugar kwa miaka 30. Kama kampuni ikodishayo kiwanda itataka kulea timu ya mpira, hilo ni swali ambalo wanaAwendo wangeweza kuliuliza sasa, kwa adabu na kwa barua, kabla ya kuuliza nani atavaa jezi gani.

Hayo yote niliyaeleza juzi kwa mzee mmoja wa Ndhiwa, mkulima wa miwa na alizeti, ambaye hajakosa kusikiliza mchezo wa Gor redioni tangu enzi za kombe la 1987. Nilimwambia habari za Awendo na za Cleveland, za FIFA na za madeni. Alisikiliza kwa subira, akitikisa kichwa kwa kukubali, hata nikaona fahari kidogo. Nilipomaliza nikamwuliza, "Jaduong', waonaje?"

Akasema, "Umesema kweli tupu, mwanangu. Hesabu ziangaliwe. Lakini yule kijana wenu wa namba kumi, hata akilipwa kila Ijumaa, ni mvivu wa kukimbia."