Kidhibiti kikae karibu

Nimekuwa kimya siku nyingi, nikipambana na ruta tatu za waifai hapa nyumbani Nairobi.

Nilikuwa nikijaribu mtandao unaoongozwa na programu, fikra iliyovuma tangu Nick McKeown na wenzake walipochapisha OpenFlow mwaka 2008. Ruta hubaki na kazi ya kusukuma pakiti; uamuzi wa njia hufanywa na programu moja, kidhibiti. Nami, kwa ujanja wangu, nikakiweka kwenye seva ya kukodi huko Ulaya!

Kila mawasiliano mapya yalipoanza, pakiti ya kwanza ilibidi ingoje maagizo kutoka Ulaya: zaidi ya milisekunde 100 kwenda na kurudi. Ukurasa mmoja wa wavuti hufungua mawasiliano mengi, basi hesabu mwenyewe. Intaneti ilipokatika, hata printa ya sebuleni haikupatikana. Nikahamishia kidhibiti kwenye tarakilishi kuukuu mezani, nikaziwekea ruta sheria za kawaida mapema. Mambo yakachangamka.

Lakini hewa ni ile ile. Vifaa vya chaneli moja husubiriana zamu, na kwenye 2.4 GHz kwa kawaida tunategemea chaneli tatu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Kidhibiti hakiwezi kuongeza hewa. Kikiandikiwa kazi hiyo, kinaweza kuziona ruta zote pamoja na kuzigawia chaneli kwa busara.

Kwa hivyo ukiuziwa mfumo huu, usianze na kasi. Uliza: kidhibiti kitakaa wapi, na kikipotea, ruta zitafanya nini?