Mtufundishe Kuvua? Basi Tuanze na Maji

Kila semina niliyokaa hapa kambini, na nimekaa nyingi, haikosi mtu wa kusimama aseme: ukimpa mtu samaki umemlisha siku moja, ukimfundisha kuvua umemlisha maisha yake yote. Tunaitikia vizuri, tunapewa soda, tunarudi nyumbani. Mimi nafanya kazi na vijana, na msemo huo nimeusikia mpaka nimechoka. Leo nataka niuchukue kama ulivyo. Tuongee habari ya kuvua samaki kweli, ya ndoana na maji.

Nianze mbali kidogo. Mtoto wa baba yangu mkubwa alisafirishwa na familia yake hadi Salt Lake City, jimbo la Utah, Marekani. Huko akafundishwa na mwenzake wa kazini kuvua trauti, samaki wa maji baridi. Mwendo kama wa saa moja na nusu kwa gari kutoka mjini, juu milimani, kuna bwawa linaloitwa Strawberry. Liko karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Si ziwa la asili. Ni mto uliozuiwa na watu zaidi ya miaka 100 iliyopita ili wamwagilie mashamba, na miaka ya 1970 likapanuliwa.

Wakati mzuri ni mwezi wa 9 na wa 10, majani ya miti yanapogeuka njano na kuanguka. Wakati wa joto trauti wakubwa hukimbilia kilindini. Maji ya juu yakipoa, wanarudi karibu na ukingo kula, kwa sababu baada ya muda barafu itafunika bwawa lote. Wavuvi wa namna hii hawatumii minyoo. Wanafunga manyoya na nyuzi kwenye ndoana mpaka ifanane na mdudu au ruba. Chambo hicho ni chepesi kama unyoya wa kuku, huwezi kukirusha kama jiwe. Uzito uko kwenye kamba yenyewe: unaipeleka nyuma, unaiacha inyooke hewani, ndipo unaisukuma mbele. Ukiharakisha inakuangukia kichwani. Halafu unaivuta pole pole, na unangoja. Kaka yangu anasema Jumamosi nyingine anarudi bila hata mmoja, na Jumamosi inayofuata anaenda tena.

Na akimpata? Kuna aina ya trauti pale mwenye alama nyekundu chini ya taya. Sheria inasema akiwa na urefu wa kati ya inchi 15 na 22, lazima umrudishe majini. Kaka alitutumia video. Analowesha mikono kwanza, maana mkono mkavu unamtoa samaki ule ute unaomlinda, anachomoa ndoana, anamshika pole ndani ya maji mpaka apate nguvu, anamwachia.

Vijana wangu walicheka mpaka wakalala chini. "Huyo amerogwa!" Mzee mmoja aliyekuwa karibu akasema, shibe mwana malevya. Yaani hayo ni mambo ya watu walioshiba.

Jamani, hapana. Sheria ile ina sababu. Samaki wengine wasiotakiwa waliwahi kujaa Strawberry mpaka trauti wakashindwa. Mwaka 1990 serikali ya jimbo ililazimika kutia sumu bwawa zima, iue kila samaki, ianze upya kupanda wengine. Ni gharama kubwa, na hakuna anayetaka kuirudia. Trauti wakubwa wenye alama nyekundu ndio wanaowala wale wasumbufu. Kwa hiyo wanaachwa majini wafanye kazi. Wengine unaruhusiwa kupeleka nyumbani ukale, mpaka 4 kwa siku. Na sisi tusijifanye wageni wa jambo hili. Mwaka 2024 upande wa Tanzania uvuvi ulifungwa kwenye Ziwa Tanganyika miezi 3, samaki wazaliane. Anayemwacha samaki leo anaweka akiba.

Sasa nirudi kwa wale wa semina. Angalieni kaka yangu amepewa nini huko mpaka akawa mvuvi. Amepewa maji ya kufikia. Amepewa mtu wa kumfundisha, na sheria anayoweza kuisoma na kuielewa. Akishakaa Utah miezi 6, leseni analipa bei ya mwenyeji. Jumamosi yake ni yake. Hakuna mtu aliyemfuata ukingoni na fomu kumuuliza, "Bwana, kuvua huku kutakuongezea kipato cha shilingi ngapi kwa mwezi?"

Sisi tuliulizwa. Kikundi chetu kiliandika andiko la mradi kwa shirika moja. Tuliomba kitu kidogo: wazee wanne waliokuwa wavuvi upande wa Baraka na Fizi wafundishe vijana kushona nyavu, kufunga ndoana na kusoma upepo, na mara moja kwa mwezi, kwa kibali na msimamizi, vijana waende kwenye bwawa lililo nje kidogo ya kambi. Jibu lilikuja kwamba andiko halionyeshi kipato. Tukashauriwa tutengeneze sabuni. Nawaheshimu wanaotengeneza sabuni, lakini kambi nzima inatengeneza sabuni. Nani atamuuzia nani?

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kijana wa kambini akitaka kucheza mpira, mchezo uandikwe kuwa ni wa kuzuia migogoro. Akitaka kuimba, wimbo uwe wa kunawa mikono. Akitaka kuvua, aonyeshe faida. Kila tunachopenda lazima tukitolee maelezo. Lakini watu wa nchi zile zile zinazotoa fedha za miradi hii wanasimama kwenye maji ya baridi kutwa nzima kwa ajili ya samaki watakayemwachia, na wanajua kabisa kwa nini: mtu anahitaji kitu anachokifanya vizuri, kwa mikono yake, bila kuamriwa.

Wanalijua tangu zamani. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta mayai ya trauti kutoka Scotland mpaka milima ya Aberdare, Kenya, akayapanda kwenye mto Gura. Fikiria safari hiyo, mayai ya samaki baharini na nchi kavu, yakae baridi yasife, ili Waingereza wasikose mchezo wao katika nchi ya watu. Trauti wapo kwenye mito ile hadi leo. Mlowezi alihama na mchezo wake. Wazazi wetu walivuka ziwa usiku, nyavu wakaziacha ufukoni.

Na nyavu zile zilikuwa na elimu. Wazee wetu walivua ndakala kwa lusenga na taa ya karabai, usiku usio na mwezi, kwa sababu mwezi ukiwaka samaki hawaifuati taa. Walijua mukeke anakaa wapi. Nina vijana wa miaka 17 na 18, watoto na wajukuu wa wavuvi, waliozaliwa hapa hapa, ambao samaki wanamjua akiwa mkavu tu, gulioni. Hawajawahi kushika wavu uliolowa. Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo tunavyofundishwa. Hawa wanakauka mbele ya macho yetu. Na wale wazee wanne tuliowaandika kwenye andiko, mmoja tumeshamzika.

Najua kuna mama atanisoma aseme, mgao umepunguzwa, wewe unaleta habari za kwenda kuvua? Mama, shikamoo. Una haki. Sisemi kijana akimpata samaki amwachie wakati wadogo zake wana njaa. Amlete nyumbani, mle. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba kwa kuwa tuna njaa, basi hatuna haki ya kitu kingine chochote. Njaa haimwondolei kijana mchana mrefu. Mchana huo usipojazwa na kitu chema utajazwa na pombe, kamari, na watu wanaokuja kuwanong'oneza vijana habari za kurudi na bunduki. Nimewapoteza wawili kwa njia hiyo ya mwisho. Hakuna aliyeniuliza kipato chao.

Kwa hiyo ndugu wa mashirika, naomba mambo matatu. Kwenye fomu zenu za vijana, ondoeni swali la kipato mahali lisipohusika, muulize badala yake: nani atafundisha, na vijana wangapi watabaki mpaka mwisho? Pili, mkikaa na wakuu wa kambi kuongea vibali vya kutoka, wekeni na kibali cha kwenda majini, hata cha siku moja kwa mwezi. Tuandikieni sheria yake, hata iwe kali, ilimradi ina sababu na tunaweza kuisoma. Tatu, wazee waliojua ziwa walipwe posho ya ualimu kama mnavyowalipa wahamasishaji.

Na vijana wenzangu, msisubiri kibali ndipo muanze. Kushona wavu hakuhitaji maji. Wazee watatu wapo, na uzi unapatikana gulioni. Waendeeni jioni hii.