Video ya Monju

Tukibishana kuhusu umeme wa nyuklia, hakosi mwenzetu wa uhandisi atakayesema vinu vya nyutroni za kasi ndiyo jibu. Kwa hesabu yuko sawa. Zaidi ya asilimia 99 ya urani ya asili ni U-238, ambayo vinu vya kawaida haviitumii sana. Kinu cha kasi huigeuza kuwa plutoniamu, yaani fueli mpya.

Ila maji hupunguza kasi ya nyutroni, kwa hiyo vingi hupoozwa kwa sodiamu iliyoyeyuka, na hiyo ikigusa hewa inawaka. Desemba 1995 ilivuja kule Monju, Japani, ikawaka. Hakuna aliyeumia, mionzi haikutoka. Lakini wahusika wakaficha sehemu ya video ya tukio, na hapo ndo wananchi walipochemka. Kinu kilikaa kimezimwa hadi 2010, kikasimama tena mwaka huohuo, na 2016 serikali ikaamua kukivunja.

Mrusi naye BN-600 yake imevuja mara kadhaa, bado inazalisha umeme tangu 1980. Kwa hiyo siulizi tena kama vinawezekana. Mwenzetu akirudi na hoja yake nitamuuliza: kikivuja, hiyo video anakaa nayo nani?