Tusikubali Butura ya Nyumba

AZIMIO la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi wa TANU na wa Serikali kuwa na nyumba ya kupangisha. Miaka minne baadaye, mwaka 1971, ikatungwa sheria ya kutwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na Msajili wa Majumba akakabidhiwa funguo zake. Wazee wetu wanazikumbuka siku hizo vyema, wengine kwa furaha na wengine kwa uchungu. Mwaka 1991, katika kikao cha Zanzibar, Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ililegeza masharti hayo, na tangu hapo mwanachama hana kosa akiwa na nyumba ya kupangisha. Hatuandiki leo ili kuufufua mjadala huo. Twaandika kwa sababu nyumba ya kupangisha inakuja na sura nyingine, nayo yaweza kuwafikia wananchi wa Ngara na Biharamulo kabla wao wenyewe hawajajua bei ya mali yao.

Sura hiyo ni nyumba ya mapumziko, ambamo mgeni hufikia kwa siku tatu au juma moja, akalipa kwa usiku, kisha akaenda zake. Wanaozitafuta nyumba za namna hiyo siku hizi si wenye maduka na wenye mabasi peke yao. Wamo pia wabunifu majengo, watu waliosomea kuchora nyumba na kusimamia ujenzi wake. Katika nchi nyingi baadhi yao hawangoji tena kuajiriwa na mwenye mali. Hutia fedha zao wenyewe. Na njia wanayofundishana ni kumwendea mwenye nyumba moja kwa moja, bila dalali na bila tangazo, kabla nyumba haijafika sokoni.

Yuko atakayetuuliza: mbunifu majengo atafuata nini Ngara? Aulizaye hivyo hajasimama Rusumo. Mto Ruvubu waungana na Kagera hapo, maji yanaanguka kati ya miamba, na ng'ambo ya daraja ni Rwanda. Kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa hapo mwaka 2016, na chini ya maporomoko umejengwa mtambo wa umeme wa megawati 80 unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Kule Kabanga iko nikeli, ambayo kwa mkataba wa mwaka 2021 Serikali ilipewa hisa za asilimia 16 katika kampuni ya kuichimba. Upande wa Biharamulo, mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalipandishwa hadhi mwaka 2019 yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707, na ndani yake limo ziwa Burigi. Mjini Biharamulo lingalipo boma la Wajerumani. Mwananchi apitaye hapo kila siku na mzigo wa ndizi huona kilima na mto. Mtu wa michoro huona baraza, dirisha kubwa, na mgeni aliyekaa na kikombe cha kahawa akitazama machweo.

Kuona hivyo si dhambi. Shida ni kwamba mmoja anaona na mwenzake haoni, na ndipo biashara inapofanyika.

Watu wa Kagera wana neno lao kwa biashara ya namna hiyo. Wanaiita butura. Mkulima amebanwa na ada ya shule au ugonjwa, kahawa ingali maua mtini. Anakuja mtu mwenye fedha mkononi, anamlipa kidogo, na siku ya mavuno magunia yanakwenda kwa mnunuzi. Viongozi wa Mkoa wameipiga vita butura kwa miaka mingi, wala hapana mwanachama anayeitetea mbele za watu. Basi tunauliza, kumwendea mzee nyumbani kwake na kununua nyumba yake kabla hajajua kwamba iko njiani pa watalii, kuna tofauti gani na kununua kahawa ingali maua? Sisi hatuioni, isipokuwa moja tu: mkahawa huzaa tena msimu ujao, na nyumba ikiuzwa imekwenda.

Tena huyu si mnunuzi wa kawaida. Mwenye duka akija kununua nyumba, yeye na mwenye nyumba wote wawili wanakisia. Mbunifu majengo hakisii. Anajua kwamba ufa ule ukutani ni wa lipu wala si wa msingi. Anajua kwamba mbao za paa zitadumu miaka mingine 20. Anajua itakavyokuwa gharama ya kuongeza choo cha ndani. Akimwambia mzee, "Nyumba hii imechoka, Baba," nani atambishia? Anakuwa mpimaji na mnunuzi kwa wakati mmoja. Ni sawasawa na karani wa mnadani aliyekuja na mizani yake mwenyewe na mfuko wake mwenyewe.

Tuchukue hesabu ya mfano tu. Nyumba imenunuliwa kwa shilingi milioni 30, na matengenezo yamekula milioni 40. Ina vyumba vitatu, kila kimoja kikilaza mgeni kwa shilingi 60,000 kwa usiku. Vyumba hivyo vikijaa siku 100 tu katika mwaka mzima, nyumba imeingiza shilingi milioni 18. Tukiweka kando mishahara, umeme na kodi, katika mwaka wa nne fedha zote zimekwisha kurudi, na mwaka wa tano ni faida. Aliyeuza kwa milioni 30 atakuwa wapi mwaka huo wa tano? Pengine amenunua pikipiki mbili, na zote mbili ziko kwa fundi.

Wananchi wa Ngara hawahitaji kufundishwa habari hizi kutoka mbali. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa saa 24, wakakaa Benaco, mahali palipoitwa kwa jina la kampuni iliyokuwa ikijenga barabara. Nyuma yao yakaja mashirika ya misaada, na watumishi wake walihitaji pa kulala. Kodi za nyumba zikapanda kuliko zilivyopata kuwa, na hakuna aliyehitaji tangazo. Mgeni alibisha hodi mlangoni. Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walirejea kwao. Kambi za Lukole, walimokaa ndugu zetu wa Burundi, zilifungwa mwaka 2008. Wageni wakaondoka na magari yao. Lakini aliyekuwa amepangisha alibaki na nyumba yake, ukuta na bati na kiwanja, akaweza kuishi ndani yake au kumpangisha mwalimu. Tofauti hiyo ya kupangisha na kuuza ndiyo tunayotaka ishikwe.

Pwani waliuza. Mji wa kale wa Lamu uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, lakini hata kabla ya hapo nyumba za mawe za Lamu na Shela zilikuwa zikinunuliwa na watu wa Ulaya, zikatengenezwa vizuri sana, hatukatai, zikawa nyumba za likizo. Kuta zilipona. Wenyeji wengi wakahamia pembeni ya mji, na kijana akitaka kununua nyumba katika mtaa wa babu yake anatajiwa bei ya mgeni.

Sheria zetu zimeweka kinga, ila kinga isiyotumiwa haizuii kitu. Kwa Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote mbili za mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Asiye raia hapewi ardhi ila kwa uwekezaji, kwa utaratibu uliowekwa. Haki ya kimila juu ya ardhi ya kijiji haihamishwi kwa mtu wa nje ya kijiji bila idhini ya halmashauri ya kijiji. Nyumba ya ndoa nayo haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Hili la mwisho twalisema kwa nguvu, maana twajua yanayotendeka. Mume huitwa kando, fedha zikahesabiwa gizani, na Mama akapata habari siku ya kufungasha vyombo. Mjane naye huambiwa na shemeji zake kwamba nyumba ni ya ukoo, hivyo yeye hana la kusema. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi ni batili.

Hatutaki tueleweke kwamba twawachukia wataalamu. Nchi hii ilijivunia sana siku Beda Amuli, Mwafrika, alipochora Soko la Kariakoo katika miaka ya 1970, na paa lile lenye umbo la miavuli likawa alama ya mji. Ngara na Biharamulo zahitaji watu wa ujuzi huo. Zipo nyumba za misonge za Wahangaza na Washubi ambazo vijana wetu wamekwisha kusahau namna ya kuzisuka. Mbunifu akija kujifunza kwa wazee waliobaki, akazipa choo na taa bila kuziharibu sura, atakuwa ametenda kazi ambayo bati peke yake haiwezi. Na kukwepa dalali si ubaya, kwani madalali wengine hula pande zote mbili. Twataka aje mchana, aseme yeye ni nani, na aonyeshe kwamba ameandikishwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi.

Kisha asinunue. Apangishe nyumba kwa miaka 10 au 15, kwa mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili, matengenezo yawe juu yake, na muda ukiisha nyumba imrudie mwenyewe na kila kilichoongezwa. Au waingie ubia, mzee akitoa nyumba na mgeni akitoa fedha na ujuzi, na daftari la wageni lifunguliwe mbele ya wote wawili kila mwezi. Mwenye nyumba alete fundi mwingine aipime nyumba kabla hajataja bei, japo kwa kulipa. Ada ya fundi huyo ni ndogo kuliko hasara ya kutokujua. Vyama vya akiba na mikopo navyo tunaviuliza vinangoja nini. Wanachama 40 wakichanga, nyumba moja ya wageni karibu na Rusumo si jambo lililowazidi kimo.

Kwa wafanyakazi wenzetu walioko Mwanza na Dar es Salaam, ambao wazazi wao wamebaki Rulenge au Nyakahura wakilinda nyumba ya familia, tunasema wasingoje simu ya kuambiwa kwamba kuna mgeni amekuja na fedha. Wazungumze na wazazi sasa. Na watakaoajiriwa katika nyumba hizo kupika, kufua na kulinda, wapewe mikataba ya kazi na waandikishwe katika mfuko wa hifadhi ya jamii kama sheria inavyotaka. Tumechoka kusikia mtu akifanya kazi miaka mitatu kwa kile kinachoitwa posho.

Liko jambo moja la viongozi. Kila uuzaji wa nyumba au kiwanja kwa mtu wa nje usomwe katika mkutano wa kijiji, bei ikiwemo, na jina la mnunuzi libandikwe ukutani ofisini. Mwenyekiti anayegonga muhuri usiku sebuleni kwake, bila kikao na bila muhtasari, hana ruhusa ya kufanya hivyo. Matawi ya Chama katika wilaya hizi mbili yaanze kwa kuuliza muhuri wa kijiji chao unalala wapi.