Soksi ya Kuchujia Haitupwi

Wanafunzi wenzangu na wahadhiri wetu, najua baadhi yenu mtacheka mkisoma kichwa cha insha hii. Mtasema: tumeambiwa tuandike juu ya jambo linalotuchoma moyo, na huyu ametuletea soksi! Chekeni, lakini msiache kusoma, maana soksi ninazozungumzia zimeua samaki 11, zimekata mshahara wa mama mmoja asiye na hatia, na zimenifundisha kwamba mimi, mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa tatu, sikujua kutumia kitenzi kimoja cha Kiswahili.

Nianze kwa kueleza kitu chenyewe. Soksi ya kuchujia ni mfuko mrefu wa kitambaa kinene, mfano wa blanketi, ulioshonewa mdomoni kwenye pete ngumu ya plastiki. Hutumika katika matangi makubwa ya samaki wa mapambo, yale ya vioo tunayoyaona kwenye kumbi za hoteli. Maji machafu hushuka kwa bomba kutoka tangi la juu hadi tangi dogo lililofichwa chini, na kabla ya kuingia humo hupita ndani ya soksi. Mabaki ya chakula, kinyesi cha samaki na vipande vya majani hubaki kwenye kitambaa. Soksi nyingi hunasa uchafu wa maikroni 200, yaani sehemu 2 za kumi za milimita moja. Ziko pia za maikroni 100, ambazo huchuja zaidi lakini huziba upesi.

Nimekuwa nikitunza tangi kama hilo kila mwisho wa wiki katika hoteli moja ya hapa Kigali, ili nipate nauli na pesa ya kutoa nakala za vitabu. Samaki wake ni wa rangi, wa asili ya Ziwa Tanganyika, ndugu wa mbali wa sato tunayemla. Kwa miezi 9 nilitumia soksi 6 tu. Nilibadilisha mara 2 kwa wiki, nikaosha iliyotoka, nikaianika, nikairudisha kwenye zamu. Hesabuni wenyewe: wiki 39, mabadiliko 78, kila soksi imetumika mara 13. Hakuna samaki aliyekufa kwa sababu ya soksi.

Kisha ukaja wiki wa mitihani. Nikampigia simu mama anayefanya usafi pale hotelini, nikamwambia: "Mama, samahani, nifulie zile soksi mbili zilizo kwenye ndoo, halafu moja uirudishe mahali pake." Akajibu, "Haya mwanangu, soma kwa amani." Naye akazifua. Alizifua vizuri kwelikweli: kwa sabuni ya unga, akazisugua, akazisuuza mara mbili kama nguo, mwisho akazilowesha katika dawa ya kulainisha nguo ili zisinuke. Kesho yake asubuhi maji ya tangi yalikuwa na povu, na samaki wanatweta juu juu wakitafuta hewa. Mpaka jioni 11 walikuwa wamekufa kati ya 26.

Bosi alitoa hukumu mbili siku hiyohiyo. Ya kwanza, mama akatwe nusu ya mshahara wa mwezi. Ya pili, kuanzia sasa hakuna kufua soksi tena: ikichafuka inatupwa, inawekwa mpya. Hukumu ya kwanza ni dhuluma. Hukumu ya pili ndiyo ninayoipinga hapa, kwa sababu watu wengi wenye akili huiunga mkono, wakiwemo rafiki zangu niliowasimulia.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba kipya ni salama zaidi. Si kweli. Kinacholinda samaki ni soksi kutolewa kwa wakati, si upya wake. Uchafu ulionaswa bado umo ndani ya maji, unaoza, unatoa amonia. Tena katika maji kama ya Tanganyika, ambayo asili yake si ya asidi bali ni ya alikali, amonia huwa na sumu kali zaidi. Na soksi ikiziba, maji hupanda na kumwagika juu ya ukingo wake bila kuchujwa. Sasa niambieni: mtu anayelipia soksi mpya kila mara ataibadilisha haraka, au ataichelewesha ili abane matumizi? Tangu hukumu ile itolewe, soksi iliyokuwa ikikaa siku 3 au 4 sasa inakaa siku 10. Nimeiona kwa macho yangu, na nimeinusa. Sera ya kutupa, iliyoletwa kwa jina la usalama, imeleta uchafu. Mwenye soksi 6 safi kwenye kamba haoni uchungu kubadilisha hata kila siku.

Hoja ya pili ni kwamba soksi ni kitu cha bei ndogo. Bei ndogo kwa nani? Soksi moja pale dukani inakaribia ujira wa siku mbili wa yule mama. Kama zingetupwa 2 kila wiki kama inavyotakiwa, ni soksi 104 kwa mwaka kwa tangi moja. Chururu si ndo ndo ndo.

Hoja ya tatu inaniuma zaidi kwa sababu inasemwa katika nchi hii. Ati kitambaa kikitupwa hakina madhara. Nyingi za soksi hizi ni za poliesta, na poliesta ni plastiki, jamaa ya chupa ya maji ya kunywa. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mwaka 2019 ikatunga sheria dhidi ya plastiki za kutumia mara moja. Sisemi kwamba sheria hiyo inaitaja soksi ya kuchujia. Nasema kwamba tunajivunia sheria hiyo mbele ya wageni, tunatoka kwenye umuganda kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi kufagia barabara, halafu kitu kilichotengenezwa ili kitumike tena na tena tunakigeuza kwa hiari yetu kuwa kitu cha mara moja. Wala hakitoweki: kinakwenda Nduba, kwenye jalala la mji, kinakaa juu ya vingine.

Wako wanaopinga kwa kujua kidogo, nao nawaheshimu zaidi. Wanasema: ukiloweka soksi katika jiki, unaua bakteria wazuri wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Bakteria hao ni wa kweli, na bila wao tangi haliishi. Lakini makazi yao makuu si soksi. Wanakaa kwenye mawe, kwenye sifongo na kwenye vipande vya kauri vilivyowekwa tangi la chini kwa kazi hiyo. Sifongo hiyo ndiyo isiyoguswa na jiki wala maji ya bomba yenye klorini. Huikamuliwa taratibu ndani ya maji yaliyotolewa kwenye tangi lenyewe. Soksi kazi yake ni kunasa uchafu tu. Kuwachanganya hawa wawili ni sawa na kukataa kuosha chujio la chai kwa kuogopa kuharibu maziwa.

Wengine wanasema kuosha kunamaliza maji, na Kigali maji hukatika. Hapo nakubali kwamba wana haki, ila dawa ipo. Kila wiki tunatoa sehemu ya maji ya tangi na kuweka mapya. Maji hayo yanayotolewa yanatosha kwa suuza ya kwanza, ile inayotoa uchafu mwingi, kisha yanamwagiwa maua, nayo maua huyapenda. Maji ya bomba yanahitajika mwishoni tu.

Basi soksi inaoshwaje? Nalieleza hapa kwa ukamilifu, kwa sababu siku ile sikueleza. Igeuze ndani iwe nje. Imwagie maji ya nguvu mpaka yanayotoka yawe meupe. Iloweke saa kadhaa katika maji yenye jiki isiyo na manukato wala sabuni, kiasi cha kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo kumi vya maji. Usiichanganye kamwe jiki na siki wala asidi nyingine, kwa maana hutoa hewa ya sumu inayodhuru mapafu yako wewe. Isuuze tena na tena. Kisha iloweke katika maji safi yenye dawa ya kuondoa klorini, ile ile tunayotia kwenye maji ya bomba kabla ya kuyapeleka kwa samaki. Inuse: ikiwa bado ina harufu ya jiki, rudia. Mwisho ianike juani mpaka ikauke kabisa. Kama soksi yako ni ya wavu wa nailoni, acha jiki, maana huila nailoni; maji ya nguvu yanaitosha. Na sabuni, ya unga au ya mche, pamoja na dawa ya kulainisha nguo, zisiikaribie. Dawa hiyo imetengenezwa makusudi ibaki kwenye nyuzi baada ya kusuuza. Kwenye shati ni sifa. Kwenye matamvua ya samaki ni kifo. Kitambaa kikianza kuchanika au kupitisha uchafu baada ya kuoshwa, hapo ndipo soksi imezeeka, na sina ugomvi na anayeitupa.

Sasa nirudi kwenye kitenzi. Kiswahili chetu hakina umaskini katika jambo hili. Tuna kuosha, kufua, kusuuza, kuloweka, kukamua, kuanika, kunawa. Mswahili hafui sahani na wala haoshi shati kwa namna anavyoosha sahani. Hata Kinyarwanda kinatenganisha: nguo ni kumesa, vyombo ni koza. Mimi nilimwambia mama "nifulie soksi". Yeye anakijua Kiswahili cha Biryogo tangu utoto. Alisikia "fua", akasikia "soksi", akafanya kile hasa ambacho maneno hayo yanaamuru. Kufua ni sabuni na kusugua. Nilipaswa kusema "suuza", na kuongeza "bila sabuni". Na ukutani juu ya tangi palikuwa na karatasi ya maelekezo yenye onyo lile lile kuhusu sabuni, kwa Kiingereza, lugha ambayo mama haisomi. Mimi naisoma. Nilipita mbele yake miezi 9 na sikuitafsiri.

Kwa hiyo samaki hawakuuawa na desturi ya kutumia soksi tena. Waliuawa na agizo baya, na agizo baya hurekebishwa kwa agizo zuri. Bosi aliona ni rahisi kununua boksi la soksi mpya kuliko kumweleza mfanyakazi kazi yake kwa lugha anayoielewa. Huo ndio ubishi wangu wote: mara nyingi tunapotupa kitu, tunatupa ili tusilazimike kumfundisha mtu.

Nilikwenda ofisini kwake kukiri kwamba kosa lilikuwa langu. Alinisikiliza, akasema nina moyo mzuri, na mshahara wa mama haujarudishwa mpaka leo. Nimeanza kumlipa mwenyewe kidogo kidogo. Mara ya kwanza alikataa, akaniambia, "Mwanangu, wewe bado unasoma." Nikamwambia ndiyo, na hili nalo ni somo, ndipo akapokea. Karatasi mpya nimeiandika kwa Kiswahili na Kinyarwanda, mistari 8, nikaibandika pale pale. Bosi hajaibandua, ingawa soksi mpya bado ziko kabatini kwake.

Nanyi wahadhiri wetu, nina ombi moja. Mmetufundisha ngeli, vitenzi na kauli zake, nasi tumefaulu. Tupeni pia kazi ya kuandika maelekezo: ya jiko la gesi, ya dawa ya panya, ya mashine ya kufulia, ya soksi ya kuchujia. Kisha mpeni mtu asome na afanye, na alama zitoke kwenye kile alichofanya. Kwa mtihani wa namna hiyo mimi ningeanguka, na ningeanguka darasani, mahali ambapo hakuna anayekatwa mshahara.