Nukta Kwenye Ramani Hazibebi Mzigo

Ukiingia katika ajensi ya kutuma mizigo hapa Goma, mara nyingi utakuta ramani ya nchi ukutani, nyuma ya karani, nayo imejaa nukta nyekundu. Matadi ipo. Kinshasa, Kisangani, Mbuji-Mayi, Kolwezi na Lubumbashi zipo. Kindu, Bunia, Beni, Butembo na Bukavu nazo zipo. Mteja anazitazama, anaweka mzigo wake juu ya mizani, anatoa dola zake na kusema moyoni: hawa wanafika kila mahali.

Imani hiyo imeenea mjini kote. Mfanyabiashara anaisema, mwanasiasa anaisema, na mwanahabari anaiandika kila tawi jipya linapozinduliwa: kampuni yenye ofisi katika miji yote imeiunganisha nchi. Mimi naikataa. Ofisi ni mahali pa kupokea mzigo na pa kuutoa. Kinachounganisha miji ni njia iliyo kati ya ofisi na ofisi, na njia hiyo haikuchorwa ukutani kwa sababu mara nyingi haipo.

Miaka michache iliyopita nilimtumia mdogo wangu aliyeko Kindu bahasha yenye hati zake za shule. Kindu iko Maniema, jimbo jirani yetu, na watu wa kule wanasema Kiswahili kama sisi. Kutoka Goma hadi Kindu, kwa mstari ulionyooka, hazifiki kilomita 400. Karani alinionyesha nukta ya Kindu, nikalipa. Wiki ya tatu ndipo nilipojua bahasha yangu ilikopita. Ilipanda ndege hadi Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 upande wa magharibi, ikalala ghalani, kisha ikangoja ndege nyingine ya kuirudisha mashariki zaidi ya kilomita 1,100. Ili ifike kwa jirani, ilikwenda kwanza upande wa pili wa nchi. Ilipofika, siku za kujiandikisha zilikuwa zimekwisha, na kijana akapoteza mwaka. Ofisi ya Kindu ilikuwapo kweli, na ilifunguliwa kila asubuhi. Lakini mwaka wa mdogo wangu haukuokolewa na mlango uliokuwa wazi.

Anayetaka kujua kwa nini mambo yako hivi asianze na vita. Aanze na reli. Reli ya Matadi hadi Kinshasa ilikamilika mwaka 1898 ili kukwepa maporomoko ya mto Kongo kati ya miji hiyo miwili. Mwaka 1906 ikakamilika ile ya Kisangani hadi Ubundu, kukwepa maporomoko ya Boyoma. Mwaka 1910 ikawa zamu ya Kindu hadi Kongolo, mwaka 1915 reli ikafika Kalemie kwenye ziwa Tanganyika, na mwaka 1928 reli ya Katanga ikafika Ilebo, ili shaba ipakiwe kwenye meli za mto Kasai na kushuka hadi Kinshasa. Kila kipande kilijibu swali moja: pembe za ndovu, mpira na shaba vitafikaje baharini? Hakuna aliyeuliza maharagwe ya Masisi, hapa jirani na Goma, yatafikaje Kindu. Kampuni za leo zimeweka nukta zao palepale, penye bandari, migodi na viwanja vya ndege, kisha zinatuambia hiyo ndiyo nchi nzima. Hiyo ni ramani ya vitu vilivyokuwa vikitoka nchini. Watu waliobaki ndani hawakuchorewa yao.

Goma yenyewe inathibitisha. Kontena la mfanyabiashara wa Birere, mtaa wetu wa biashara, halitoki Matadi, bandari kuu ya nchi yake. Linatoka Mombasa likipitia Uganda, au Dar es Salaam likipitia Rwanda. Makao makuu ya kampuni kule Kinshasa yanaihesabu Goma kuwa tawi la mbali, mwisho wa nchi, wakati kwa bidhaa zinazotoka Bahari ya Hindi mji huu ni mlango wa kuingilia. Nukta yetu na nukta ya Matadi zina rangi moja na ukubwa mmoja, lakini kati yake hakuna lori litakalokuletea gunia la sukari.

Mtihani mkubwa ulikuja mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji na uwanja wa ndege ukafungwa. Hakuna nukta iliyofutwa ukutani. Lakini jibini ya Masisi, iliyokuwa ikipanda ndege kwenda kuuzwa Kinshasa, ilipoteza njia yake. Benki zilifunga milango, vibao vyake vikabaki barabarani. Mwenye safari ya Kinshasa alilazimika kutoka nje ya nchi ili afike katika mji mkuu wa nchi yake. Na hatukuwa na sababu ya kushangaa, kwa maana volkeno yetu, Nyiragongo, ilikuwa imekwisha kutufundisha. Mwaka 2002 lava ilifunika sehemu ya njia ya kurukia ndege. Tarehe 22 Mei 2021 ililipuka tena, na lava ikaikata barabara ya Rutshuru kaskazini ya mji. Tawi linaloning'inia kwenye uzi mmoja huanguka siku uzi ukikatika, hata kama rangi ya kibao chake bado ni mpya.

Madhara ya imani hii hayaishii kwenye bahasha zinazochelewa. Tunapohesabu nukta, tunaacha kutazama mahali pasipo na nukta, na huko ndiko chakula chetu kinakopita. Sijaona ramani ya ajensi iliyoandikwa Kituku, gati la ziwa hapa Goma, wala Minova, iliyo kando ya ziwa hilohilo. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti MV Merdi ilitoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, ikazama karibu kabisa na gati la Kituku. Makumi ya watu walikufa mbele ya macho ya ndugu waliokuja kuwapokea. Walikuwa wamepanda boti kwa sababu mapigano yalikuwa yamekata barabara ya Sake. Mama aliyepanda na magunia yake ndiye aliyekuwa msafirishaji wetu wa kweli, na hakuna aliyemhesabu, hakuna aliyempa gati la maana wala jaketi la kumwokoa.

Tazama pia mtu wa chukudu. Anashuka kutoka Kibumba na mamia ya kilo za viazi au makaa juu ya mbao mbili na magurudumu mawili ya mti. Tumemsimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mji. Hana ofisi hata moja, lakini ukimwuliza mzigo utapita wapi na utafika saa ngapi, atakujibu bila kusita, kwa sababu ameipita njia ile kwa miguu yake.

Wapo watakaosema kampuni ni biashara, si serikali, na hufungua ofisi penye pesa. Ni kweli, wala sidai kampuni ikajenge barabara ya Walikale. Ninachodai ni kwamba isituuzie nukta kwa bei ya barabara. Wengine watasema vita ndivyo vinavyokata njia, na amani ikija kila kitu kitajipanga. Vita vimetukata kweli, na tunawazika wafu wake kila wiki. Lakini hata katika miaka ya utulivu, barabara ya kueleweka kati ya Goma na Kindu haikuwapo. Amani itafungua tena njia zilizokuwapo. Zile ambazo hazikuwahi kujengwa itabidi tuzijenge. Na serikali haitazijenga wakati inaonyeshwa orodha ya matawi na kuamini kazi imekwisha kufanywa na wengine.

Kwa hiyo naomba ajensi zibandike ukutani kitu kingine: njia ambayo mzigo utapita, siku utakazochukua, mahali utakapobadilishia chombo, na nani atakayejibu ukipotea. Jimbo nalo lihesabu kilomita za barabara zinazopitika mvua ikinyesha, lihesabu magati na boti zilizokaguliwa, kabla ya kuhesabu vibao vya matawi.

Na wewe mteja, usingoje. Siku karani atakapokuonyesha ramani yake, mwombe aweke kidole juu ya Goma, kisha akipeleke polepole hadi kwenye mji wa ndugu yako bila kukiinua kwenye karatasi, akikutajia kila mahali kinapopita. Mahali kidole kitakaponyanyuka ndipo mzigo wako utakapolala. Uliza utalala pale siku ngapi, kabla ya kutoa pesa.